Joto Linalopoa Lenyewe: Vyungu vya Ikombe na Historia ya Kukanda Maumivu

Kwa vizazi vingi njia ya kwenda Ikombe ilikuwa ya maji. Mtumbwi ukitoka Matema, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, hufuata ukingo wa mashariki huku Milima ya Livingstone ikisimama wima upande wa kushoto na kuingia ziwani bila kuacha uwanda wa kulimia. Uso wa ziwa uko mita zipatazo 475 juu ya usawa wa bahari, na vilele vilivyo jirani vinapita mita 2,000. Katika ukanda huo mwembamba wa mawe na mchanga wanaishi Wakisi, na hapo ndipo ulipo ufinyanzi uliowapatia jina hata kwa watu ambao hawajawahi kuliona ziwa lenyewe.

Ardhi ilikuwa finyu, kwa hiyo chakula kilipaswa kununuliwa. Wanaume walivua samaki, wanawake wakafinyanga vyungu, na vyungu vikapakiwa mitumbwini kwenda kubadilishwa na vyakula vya Wanyakyusa wa bonde la Kyela, nchi inayopata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka na isiyojua kukauka. Juu milimani Wakinga walifua chuma na kuteremsha majembe. Chuma kilishuka, vyungu vikavuka maji, nafaka na ndizi zikarudi. Godfrey na Monica Wilson, wanaanthropolojia waliokaa na Wanyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, waliukuta mzunguko huo ukiwa hai. Kabla yao alipita Friedrich Fülleborn, daktari wa jeshi la Wajerumani, ambaye kitabu chake kikubwa juu ya nchi za Nyasa na Ruvuma kilichapishwa mwaka 1906. Wamisionari wa Berlin nao walikuwa wameshajenga kituo hapo Ikombe mapema katika miaka ya 1890. Miaka ya 1970 mtafiti wa Kitanzania, Simon Waane, aliandika makala maalumu juu ya ufinyanzi wa Wakisi wa Ikombe. Si vijiji vingi vya ukubwa ule vilivyoandikwa kiasi hicho.

Walichokiandika zaidi ni chungu. Kilichoandikwa kidogo ni mgongo wa aliyekifinyanga.

Kazi huanza kwa kuuchimba udongo na kuubeba, na udongo mbichi ni mzigo mzito kuliko unavyoonekana. Kisha hutwangwa, hutolewa vijiwe, hukandwa kwa maji mpaka ulainike. Mfinyanzi huliweka donge juu ya kigae kinachozungushwa kwa mkono, naye ameinama au ameketi chini miguu ikiwa imenyooka mbele, anainua kuta za chungu kidogo kidogo, anazilainisha kwa kipande cha kibuyu na kokoto iliyosuguliwa na maji ya ziwa. Vyungu vikikauka hupangwa nje, hufunikwa kwa kuni na majani makavu, na moto huwashwa. Hakuna tanuri. Moto wa wazi wa namna hiyo, popote unapotumika duniani, kwa kawaida hufika kati ya nyuzi 600 na 900 za Selsiasi, na mfinyanzi hana kipimo ila rangi ya ndimi za moto na uzoefu wa mama yake. Baada ya hapo ni safari ya mtumbwi mpaka gulio la Jumamosi la Lyulilo, jirani na Matema, ambako vyungu hushushwa kimoja kimoja kwa mkono.

Bega linalopiga kafi, kiuno kinachoinama juu ya udongo, shingo iliyobeba mtungi: haya ni maumivu ya misuli ambayo hayahitaji daktari kuyatambua. Dawa yake ya kwanza, Ikombe na kote Tanzania, imekuwa joto. Na joto kwa karne nyingi lilihitaji chombo cha udongo.

Kukanda ni tiba ambayo karibu kila nyumba ya Afrika Mashariki inaijua. Maji huchemshwa na kitambaa huchovywa, kinakamuliwa na kuwekwa mahali panapouma. Baada ya dakika chache kimepoa, kinachovywa tena. Wengine hulipasha jiwe motoni na kulizungushia nguo. Wengine hutumia chumvi ya mawe iliyokaangwa na kufungwa kwenye kitambaa. Mwanamke aliyetoka kujifungua hukandwa kwa siku nyingi, na Pwani na Visiwani kazi hiyo ina watu wake wanaoheshimika, wakiwamo wakunga wa jadi wenye mikono iliyofundishwa na wakubwa zao. Pamoja na kukanda kuna kujifukiza: chungu cha majani yanayochemka, mchaichai au mkaratusi au mwarobaini, mgonjwa anainama juu yake na kufunikwa blanketi mpaka jasho limtoke.

Ustadi uliomo ndani ya desturi hiyo haujasifiwa ipasavyo. Mkono wa anayekanda ndio unaotangulia kuingia kwenye yale maji. Kama haumudu joto, mgongo wa mgonjwa nao hautaumudu, na maji hupunguzwa ukali. Kitambaa kinapoteza joto kila sekunde kinapogusana na hewa na ngozi. Aliyelazwa yuko macho, anazungumza na anayemkanda, analalamika. Kwa maneno mengine, joto la zamani lilikuwa na mlinzi wa aina mbili: mtu aliyesimama karibu, na kupoa kwake lenyewe. Hakuna aliyeweza kulala usiku kucha juu ya kitambaa cha moto, kwa sababu kitambaa cha moto hakidumu usiku kucha.

Hii haina maana kwamba kila lililofanywa na wazee lilikuwa salama. Wapo wazazi waliounguzwa kwa maji yaliyotoka jikoni moja kwa moja, kwa imani kwamba joto lisilochoma halitibu. Wakunga wa hospitali wamekuwa wakilikataza jambo hilo kwa miaka mingi, hasa kwa waliojifungua kwa upasuaji, ambao mshono wao bado haujapona na ngozi inayouzunguka ina ganzi. Chungu cha kujifukizia nacho kina hatari yake. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, Rais John Magufuli aliwahimiza Watanzania wajifukize, na nyungu ikarudi sebuleni hata katika nyumba zilizokuwa zimeisahau. Nchi nyingine nazo zilijifukiza, zikitumia mabakuli na birika. Mwezi Mei mwaka huohuo madaktari wa hospitali ya watoto ya Birmingham, Uingereza, waliandika katika jarida la The Lancet kwamba majeraha ya watoto yaliyotokana na maji ya kujifukizia yalikuwa yameongezeka mara 30 katika kituo chao. Mvuke wenyewe haukuwa tatizo kubwa. Chombo kilipinduka, maji yakamwagikia mapajani. Chungu chenye tumbo pana kilichokaa chini juu ya mafiga au ngata hakipinduki kirahisi kama bakuli lililowekwa ukingoni mwa meza, lakini maji yanayochemka hayachagui chombo.

Kaskazini mwa Ziwa Nyasa joto halikuhitaji kuni daima. Kyela iko chini ya milima ya volkano ya Rungwe, na maji ya moto hutoka ardhini yenyewe Kasimulo, karibu na mpaka wa Malawi, na pia Kilambo na Mampulo. Baadhi ya chemchemi hizo zina joto linalokaribia nyuzi 60. Kampuni ya serikali ya kuendeleza jotoardhi imekuwa ikiuchunguza ukanda huu, hasa eneo la Kiejo na Mbaka, ili kuona kama joto hilo linaweza kutumika kwa umeme na kazi nyingine.

Nyuzi 60 si namba ya kuchezea. Mwaka 1947 watafiti wawili wa Marekani, Alan Moritz na Frederick Henriques, walichapisha majaribio yaliyopima kitu ambacho mkono wa mkandaji ulikuwa ukikikadiria tu: ngozi inaungua kwa joto gani, na baada ya muda gani. Walikuta kwamba kwenye nyuzi 60 ngozi inaharibika kwa sekunde zipatazo 5. Hilo halimshangazi mtu. La kushangaza lilikuwa upande wa chini wa kipimo. Kwenye nyuzi 44 tu, joto ambalo mtu huliona kuwa la kupendeza na maji ambayo wengi wangeyaoga kwa furaha, ngozi nayo huungua, ila inachukua muda wa saa 6 hivi. Kati ya hapo na nyuzi 51, kila nyuzi moja inayoongezeka hupunguza muda huo karibu kwa nusu. Kuungua, basi, kunatokana na joto pamoja na muda, na joto dogo lenye subira linafanya kazi ileile ya joto kubwa.

Ugunduzi huo ulifika wakati mwafaka, kwa sababu viwanda vilikuwa vimeshaanza kuuza joto lisilopoa upesi.

Walionacho walikuwa wamelitafuta joto la kudumu tangu zamani. Zanzibar, Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, alijenga hamamu ya mtindo wa Kiajemi katika mtaa ambao mpaka leo unaitwa Hamamni, na watu wakalipia kukaa kwenye vyumba vya moto na kuchuliwa. Japani, wasafiri wa zamani walibeba kifuani mawe yaliyopashwa moto na kuviringishiwa nguo, sawa kabisa na jiwe la jikoni la bibi wa Kitanzania. Mwaka 1923 Mjapani Niichi Matoba akaanza kuuza kifaa kidogo cha chuma kilichotoa joto kwa saa nyingi kwa kuunguza mvuke wa benzini taratibu, bila mwali. Mwanzoni mwa karne hiyohiyo, Slavoljub Penkala wa Zagreb alikuwa ametengeneza chupa ya mpira ya maji ya moto, na nyumba za Ulaya zikaacha taratibu chupa za udongo na shaba zilizokuwa zikiwekwa kitandani. Kisha zikaja pedi za umeme zenye waya ndani ya kitambaa. Mwaka 1978 Japani ilianza kuuza kwa wingi vifuko vya kutumia mara moja na kutupa: ndani yake mna unga wa chuma, chumvi, maji na makaa, na hewa inapoingia chuma kinapata kutu kwa kasi na kutoa joto. Wakinga waliofua majembe juu ya Ikombe waliijua kutu kama adui wa chuma. Hapa inafanya kazi ya dawa.

Je, dawa hiyo inatibu kweli? Hapa wazee walikuwa sahihi kuliko walivyofikiriwa. Joto linapanua mishipa midogo ya damu, linalegeza msuli uliokaza na kurahisisha kunyooka kwa kiungo. Lina kazi nyingine kwenye neva: ngozi ina vipokezi vinavyohisi joto, na kimojawapo, kinachoamka joto likipita nyuzi 43 hivi na ambacho pilipili nayo hukiamsha, kilitambuliwa mwaka 1997 katika maabara ya David Julius, kazi iliyochangia kumpatia Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021. Mwaka 2002 kundi la Scott Nadler lilichapisha jaribio katika jarida la Spine kuhusu watu wenye maumivu mapya ya kiuno. Waliovaa mkanda wa joto la nyuzi 40 hivi kwa saa 8 kwa siku walipata nafuu zaidi ya waliomeza paracetamol au ibuprofen. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2006 yalikuwa na tahadhari zaidi: nafuu ipo, ni ya muda mfupi, na si kubwa sana. Mwaka 2017 chama cha madaktari bingwa wa tiba ya ndani wa Marekani kilishauri kwamba kwa maumivu mapya ya kiuno, joto la juu ya ngozi litangulie kabla ya vidonge. Ushauri huo ungemkuta mkandaji wa Kyela keshaanza kazi.

Lakini pedi ya umeme haipoi. Hilo ndilo linaloitenganisha na kitambaa kilichochovywa kwenye maji ya chungu, na wanaoinunua hawaambiwi vya kutosha. Ikiwekwa kwenye nyuzi 45 itabaki hapo mpaka umeme ukatike au mtu aizime. Mtu aliyechoka, aliyemeza dawa ya kumlaza usingizi au aliyekunywa pombe anaweza kuilalia akaamka na malengelenge. Akiilalia kwa uzito wa mwili wake, joto halina pa kutokea na hupanda zaidi. Ndiyo maana ushauri wa kawaida wa wataalamu wa mazoezi ya viungo ni dakika 15 hadi 20 kwa mara moja, kitambaa kiwe kati ya pedi na ngozi, pedi iwekwe juu ya mwili na si mwili juu ya pedi, na isitumike kitandani kwa mtu anayesinzia. Zenye swichi inayojizima yenyewe ni bora, kwa sababu zinarudisha kile ambacho kitambaa kilikuwa nacho: mwisho.

Mikanda myembamba ya unga wa chuma imetengenezwa kwa joto la chini zaidi, hivyo huvaliwa kwa saa nyingi, lakini nayo inahitaji ngozi ikaguliwe kila baada ya muda, na wazee wasilale nayo. Wenye kuweka joto mahali pamoja kila siku kwa wiki nyingi, hata lisilounguza, wanaweza kuota madoa ya kahawia yenye umbo la wavu. Waganga wa zamani wa Ulaya waliyaona miguuni mwa wanawake waliokaa karibu na moto wa kuni. Wa leo wanayaona viunoni mwa watumiaji wa pedi na mapajani mwa wanaopakata kompyuta.

Kundi lililo hatarini zaidi ni la wale ambao mwili wao haupigi kelele. Kisukari cha muda mrefu huua hisia za nyayo. Ukoma uliofika kwenye neva hufanya hivyohivyo, na vivyo hivyo kiharusi au jeraha la uti wa mgongo. Mtu wa namna hii hawezi kusema "inachoma", kwa hiyo ulinzi wote wa zamani uliotegemea kilio chake unaanguka. Kwake pedi, jiwe na beseni la maji ya moto ni hatari sawasawa. Mtoto mchanga na mgonjwa asiyeweza kusogea wako katika hali hiyohiyo. Mahali pa uvimbe wa ghafla wa mguu mmoja, panapoweza kuwa na damu iliyoganda, hapakandwi wala hapachuliwi. Hapo ni hospitali. Na aliyejipaka dawa ya kuchua yenye mentholi na kafuri asiweke joto juu yake, maana dawa hiyo inaiwasha ngozi na kuificha hisia kwa wakati mmoja.

Chupa ya mpira ya maji ya moto ndiyo inayopatikana kirahisi zaidi madukani, nayo ina siri moja iliyochapwa juu yake. Zilizotengenezwa kwa kufuata kiwango cha Uingereza zina alama ya duara yenye petali kama ua, inayoonyesha mwaka, mwezi na hata wiki ya kutengenezwa. Mpira huchakaa, na mafundisho ya usalama yanataka chupa ibadilishwe baada ya miaka miwili. Isijazwe maji yaliyotoka kuchemka, isijazwe zaidi ya theluthi mbili, na hewa itolewe kabla ya kufunga kizibo. Baadhi ya ajali zake hutokea kwa kupasuka, si kwa kulaliwa.

Chungu cha Ikombe kina kazi nyingine inayohusika hapa. Mtungi wa maji ya kunywa uliowekwa pembeni mwa nyumba hutoa jasho: maji hupenya matundu madogo ya udongo, hukauka juu ya uso wake, na yaliyobaki ndani hupoa. Kwa kifundo cha mguu kilichoteguka leo asubuhi, au bega lililogongwa na kuvimba, ubaridi huo unafaa kuliko joto. Katika siku mbili za kwanza joto huongeza damu mahali ambapo tayari kuna uvimbe na kuvuja. Kitambaa kilichochovywa kwenye maji ya mtungi kwa dakika 10 hadi 20 hupunguza maumivu. Kukanda kwa moto kunafaa kwa misuli iliyochoka, iliyokaza, au maumivu ya zamani yanayorudi na kusi la mwezi Juni. Kosa la kukanda jeraha bichi ni la kawaida sana, na mara nyingi linafanywa kwa upendo.

Masufuria ya alumini na ndoo za plastiki zimepunguza soko la vyungu kila mahali Tanzania. Hata hivyo vya Wakisi vinaendelea kushushwa Lyulilo, na wanunuzi wanavisafirisha mpaka miji ya mbali, wengine kwa kupikia maharage, wengine kwa kuhifadhia maji. Kwenye ufukwe wa Matema ipo pia hospitali ya Kanisa la Kilutheri, ambayo wagonjwa wa pwani hii huifikia. Aliyeungua, iwe kwa chungu, chupa au pedi, aanze kwa maji safi ya kawaida yanayotiririka juu ya jeraha kwa dakika 20, avue pete na nguo zilizo karibu na jeraha zisizoganda kwenye ngozi, asipake dawa ya meno, mafuta wala yai bichi, na asitumbue malengelenge. Kama jeraha ni kubwa kuliko kiganja chake, au liko usoni, mikononi au sehemu za siri, au limekuwa jeupe na halina maumivu, alifunike kwa kitambaa safi na kwenda hospitalini siku hiyohiyo.